Mirambo, Merikani na Ubishi wa Kijiweni

Tabora kuna vijiwe vya kahawa ambako mtu anaweza kukutajia bila kukosea yale majimbo saba yaliyoamua uchaguzi wa Marekani wa 2024, kuanzia Pennsylvania mpaka Nevada, halafu akakupigia hesabu ya kura za wajumbe kama anayehesabu pointi za ligi. Kuna upande wa Trump na upande wa Democrat, na ubishi wao ni ule ule wa Simba na Yanga: ukishachagua timu, refa akikunyima penalti ni mwizi, akikupa ni mwamuzi makini. Mmoja anasema Trump ni mwanaume, hana maneno ya kuzunguka. Mwenzake anajibu, "Mzee wangu, huyo mwanaume wako ndiye kafunga bomba la dawa." Wa tatu anamwingiza Obama, na hapo kahawa inapoa kwenye vikombe.

Ubishi wenyewe haunisumbui. Mji ambao watu wake hawabishani ni mji wa kuogopa. Ninachokataa ni ile dhana kwamba habari hii ni mpya, eti imeletwa na bando na simu janja. Njia ya misafara, ile ya kutoka Bagamoyo kupita Ugogo mpaka Tabora na kuteremka Ujiji, imekuwa ikipokea siasa za Marekani kwa karibu miaka mia mbili. Na kuna jambo moja la kuchekesha kidogo ukilitazama vizuri: mtu wa kwanza kutoka kwenye vyombo vya habari vya Marekani aliyefika Tabora alifanya kile kile tunachokifanya sisi leo. Alikuta ugomvi usio wake, akasikiliza upande mmoja, akawa shabiki.

Henry Morton Stanley aliingia Unyanyembe tarehe 23 Juni 1871, akiwa ametumwa na gazeti la New York Herald kumtafuta Livingstone. Tabora ya wakati ule haikuwa mji wenye mtaa mkuu. Ilikuwa matembe yaliyotawanyika bondeni, kila mfanyabiashara mkubwa na tembe lake, miembe yake, mashamba yake na watumwa wake, na mtemi wa Unyanyembe akiwa jirani upande wa Kwihara. Stanley alipewa nyumba huko Kwihara. Akaletewa chakula cha kumtosha yeye na watu wake, wazee wa Kiarabu wakaja kumjulia hali, wakakaa barazani, wakampa habari za njia. Liwali alikuwa Said bin Salim, mtu aliyewahi kuwaongoza Burton na Speke miaka kumi na minne kabla.

Ni kwenye baraza hizo alikopata kumsikia Mirambo. Na msomaji, jiulize: mgeni anayekula wali wa mwenye nyumba, atasikia habari gani za adui wa mwenye nyumba?

Alisikia kwamba Mirambo wa Urambo ni jambazi. Kwamba alikuwa mpagazi tu, mtu wa kubeba mizigo, akajikusanyia wahuni akajiita mtemi. Kwamba amechukua hongo ya msafara uliokuwa ukienda Ujiji, nguo na baruti na bunduki, kisha akaurudisha na kutangaza njia imefungwa. Sehemu hiyo ya njia kufungwa ilikuwa kweli, na ilimgusa Stanley mfukoni, maana Ujiji ndiko alikokuwa akienda. Wazee wakamhakikishia kuwa vita itakuwa ya siku chache. Basi mwandishi wa habari akakunja daftari, akachukua bunduki. Mwezi wa Agosti akatoka na jeshi la Waarabu na Wanyamwezi wa upande wao, zaidi ya watu elfu mbili kwa hesabu yake mwenyewe, na bendera ya Marekani ikipepea mbele ya watu wake.

Hebu simama hapo kidogo. Bendera ya Marekani ikienda vitani Unyamwezi, katika ugomvi wa ushuru na njia ambao hakuna mtu mmoja Washington aliyewahi kuujadili. Bunge lao halikupiga kura, rais wao hakujua. Ilikuwa ni uamuzi wa mwandishi mmoja wa miaka thelathini aliyekuwa na haraka ya kufika Ujiji.

Vita yenyewe iliwaendea vibaya. Walianza kwa kushinda, wakaiteka Zimbizo, na Stanley akabaki huko na homa. Kundi la Saud bin Said likasonga mbele mpaka mahali ambapo Stanley anapaita Wilyankuru, wakapora pembe na kuchukua mateka, na wakati wa kurudi, wakiwa wamebeba mizigo ya watu, Mirambo akawavizia kwenye majani marefu kando ya njia. Saud akauawa pamoja na wengi wa watu wake, wakiwemo baadhi ya askari wa Stanley. Waliobaki wakakimbia, kila mtu na roho yake. Tarehe 22 Agosti Mirambo akaja Tabora kwenyewe, akachoma sehemu ya mji, na Khamis bin Abdullah, mmoja wa wale vigogo waliokuwa wakishinikiza vita, akafia pale pale. Stanley alikuwa Kwihara akitoboa matundu ya kupitishia bunduki kwenye kuta za nyumba aliyoazimwa. Mwezi uliofuata akajitoa, akasema hii sasa ni vita yao, akaondoka tarehe 20 Septemba kwa kuzunguka kusini.

Mwaka 1872 kitabu chake kikatoka, na dunia nzima ya wasomaji wa Kiingereza ikamjua Mirambo kama jambazi wa njia ya Ujiji. Maoni ya barazani Kwihara yalikuwa yamegeuka kuwa habari.

Sasa, upande wa pili wa habari ile haukuwa siri. Ulikuwa unajulikana na kila mpagazi. Ugomvi wa Unyanyembe na wafanyabiashara ulianza kabla Mirambo hajawa na jina. Baada ya mtemi Fundikira kufariki, kiti kilikwenda kwa Manwa Sera, na Manwa Sera akafanya kile ambacho watawala hufanya wakiona mali inapita mlangoni kwao: akaweka ushuru kwenye bidhaa za Waarabu. Waarabu wakakataa. Wakamfukuza, wakamweka Mkasiwa, mtu waliyeelewana naye. Speke alipopita mwaka 1861 alijaribu kuwapatanisha, ikashindikana. Sheikh Snay bin Amir, mwenyeji wa Burton na Speke mwaka 1857, mtu aliyewafundisha karibu kila walichokijua kuhusu nchi za maziwa, alikufa kwenye vita hiyo hiyo. Manwa Sera naye akawindwa mpaka akauawa mwaka 1865. Kwa hiyo Stanley alipofika 1871, mtemi aliyemkuta pale ni yule aliyewekwa na wenyeji wake. Mirambo hakuvamia nchi iliyokuwa imetulia. Aliingia kwenye ubishi wa miaka zaidi ya kumi kuhusu swali moja: njia ni ya nani, na nani ana haki ya kutoza?

Neno lenyewe linatuumbua. Hongo. Leo ukilisema, mtu anafikiria bahasha chini ya meza, na sheria za nchi zinaliadhibu. Kwenye njia ya misafara hongo ilikuwa kodi ya kupita, inayotozwa na mwenye nchi, kwa nguo na waya na shanga, na kila mtemi wa Ugogo alikuwa na kiwango chake cha kubishania. Wasafiri wa Kizungu wote waliilalamikia kama unyang'anyi. Lakini angalia: kwa mkataba wa mwaka 1833 kati ya Marekani na Sayyid Said, bidhaa za Wamarekani zilitozwa asilimia 5 bandarini Unguja, na hapo hakuna aliyelia. Ya bandarini ikaitwa ushuru wa forodha. Ya Ugogo ikaitwa wizi. Sisi wenyewe tukalipokea neno kwa maana ya yule aliyekuwa akilipa, si kwa maana ya yule aliyekuwa akitoza. Nikisikia mtu kijiweni akimsifu Trump kwa kuwatoza mataifa ushuru wa kuingiza mali Marekani, kwamba "nchi ni yake, anatoza anavyotaka", huwa namkumbuka Manwa Sera.

Turudi kwenye hizo bidhaa, maana hapa ndipo siasa za Marekani zilipoingia bara kikwelikweli, muda mrefu kabla ya Stanley.

Huko bara, Marekani ilikuwa nguo kabla haijawa nchi. Kitambaa cha pamba, kizito, kisichotiwa rangi, kilichofumwa viwandani Massachusetts na kuletwa Unguja na meli za wafanyabiashara wa Salem. Waswahili wakakiita merikani, au amerikani. Jora moja lilikuwa kama yadi 30. Likakatwa kwa mkono, kwa shuka, kwa doti, na neno doti mpaka leo tunalo kwenye khanga. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba mzigo wa frasila mbili hivi, kilo thelathini na kitu, begani, kwa miezi, na kijana wa Unyamwezi ambaye hajawahi kuteremka pwani alionekana bado hajakua. Kwa merikani walilipwa posho, kwa merikani walinunua mtama njiani, kwa merikani hongo ikalipwa. Kimsingi ilikuwa pesa. Na wateja wa bara hawakuwa watu wa kupokea chochote: kila nchi ilikuwa na kitambaa chake na ushanga wake, ukileta usiotakiwa unalala na njaa na mizigo yako imejaa.

Pamba ya merikani ilitoka wapi? Ilivunwa na watumwa, kwenye mashamba ya Kusini mwa Marekani. Ikafumwa Kaskazini, kwenye viwanda kama kile cha Naumkeag huko Salem, kwenye majimbo ambayo watu wake walikuwa wakijisifu kwamba wao hawana watumwa. Balozi wa kwanza wa Marekani Unguja, Richard Waters, aliyefika mwaka 1837, alikuwa mtu wa Salem na mcha Mungu. Utumwa ulimchukiza na aliandika hivyo kwenye shajara yake. Lakini mchana alikuwa akiuza merikani kwa kushirikiana na Jairam Shivji, mkuu wa forodha, kwenye soko ambalo faida yake ilisimama juu ya pembe na watumwa. Sidhani kwamba alikuwa mnafiki kuliko watu wengine. Alikuwa na maoni safi kabisa kuhusu mambo ya kwao, na biashara upande huu.

Kisha mwaka 1861 wakaanza kupigana wenyewe kwa wenyewe. Manowari za Kaskazini zikafunga bandari za Kusini, pamba ikakwama, viwanda vya New England vikakosa mali ghafi, na merikani ikaadimika Unguja. Nguo za Kiingereza na za Kihindi zikajaza nafasi. Unaweza kuona jinsi mambo yalivyofungamana: mkulima wa mtama Ugogo aliyeambiwa mwaka ule kwamba kitambaa alichokizoea hakipo, au kipo kwa bei nyingine, alikuwa anapokea matokeo ya uchaguzi wa Marekani wa 1860. Hakuhitaji kumjua Lincoln. Lincoln alikuwa ameshamfikia.

Stanley aliijua vita hiyo kwa mwili wake, na kwa namna inayofaa kukumbukwa na kila shabiki wa chama. Mzaliwa huyu wa Wales aliyejiita Mmarekani alijiunga na jeshi la Kusini kule Arkansas, akatekwa kwenye mapigano ya Shiloh mwezi Aprili 1862, akafungwa, na ili atoke gerezani akajiunga na jeshi la Kaskazini. Likamwachia akiwa mgonjwa. Mwaka 1864 akaingia kwenye jeshi la maji la Kaskazini, na 1865 akatoroka. Pande zote mbili, sare zote mbili. Miaka sita baadaye yuko Kwihara, marobota ya merikani yamepangwa nyumbani kwake, anaandika nani mwema na nani mwovu katika Unyamwezi.

Na kule pembe zilikokuwa zikienda, kuna hadithi ninayoiona nzito kuliko zote. Sehemu kubwa ya pembe za njia hii ziliishia kwenye vijiji viwili jirani vya jimbo la Connecticut, Deep River na Ivoryton, kijiji ambacho jina lake lenyewe limetokana na pembe. Huko zilikatwa kuwa vitana na vibonyezo vya piano. Mmoja wa waanzilishi wa biashara hiyo Deep River alikuwa George Read, shemasi wa kanisa na mpinga utumwa wa kweli, si wa maneno. Kijana mmoja aliyetoroka utumwani Kusini, Daniel Fisher, alifika kwake, Read akamhifadhi, akampa nywele za bandia na jina jipya, William Winters, na Winters akaishi pale Deep River mpaka uzee wake. Kitendo kile kilikuwa cha hatari na cha heshima. Na nyumba iliyomficha Winters ilijengwa kwa fedha za pembe.

Wapagazi wengi wa njia hii walikuwa Wanyamwezi huru, wenye mapatano na posho, na mimi huwa nabishana na vitabu vya shule vinavyomchora kila aliyebeba pembe kama mtumwa mwenye mnyororo shingoni. Lakini watumwa nao walikuwepo, kwenye misafara na kwenye mashamba yaliyoilisha Tabora, na bunduki zilizonunuliwa kwa pembe ndizo zilizowateka. Mtu mmoja, shemasi mmoja, upande wa kwanza wa bahari anavunja mnyororo, upande wa pili wa bahari anaulipia. Hakuna chama cha Marekani, cha wakati ule au cha sasa, ambacho kinaweza kulibeba jambo hilo peke yake.

Ndiyo maana huwa nashindwa kumwelewa mtu anayeniambia Democrat ni marafiki wa Mwafrika na Republican ni maadui, au kinyume chake, kana kwamba ni sifa za damu. Mwaka 1860 Democrat ndicho kilichokuwa chama cha wenye watumwa na Republican ndicho chama cha Lincoln. Njoo karibu zaidi. Mpango mkubwa wa Marekani wa dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, PEPFAR, ulianzishwa mwaka 2003 na George W. Bush, Republican, yule yule tuliyekuwa tukimlaani kwa Iraq. Bush alipokuja Tanzania Februari 2008 alitia saini na Rais Kikwete mkataba wa Shirika la Changamoto za Milenia wa dola milioni 698. Mwezi Machi 2016 shirika hilo hilo likasitisha awamu ya pili, dola milioni 472, kwa sababu ya uchaguzi wa marudio Zanzibar na sheria ya makosa ya mtandao. Nani alikuwa Ikulu ya Marekani Machi 2016? Barack Obama, yule wa kwenye fulana. Nasema hivi bila kutetea uchaguzi ule wa Zanzibar, ambao una ubishi wake na nitauandikia siku nyingine. Na mwaka 2025 ni Republican tena, Trump, aliyesimamisha misaada ya nje siku ya kwanza ofisini, na kufikia tarehe 1 Julai USAID ikawa imefungwa na mabaki yake kuhamishiwa wizara yao ya mambo ya nje. Yule mzee wa kijiweni aliyezungumzia bomba la dawa hakukosea. Alisahau tu kusema nani alilichimba.

Mirambo naye alipitishwa kwenye kugeuzwa huko. Aprili 1876 Stanley alipita tena, safari hii akitoka Uganda, na huko Serombo akakutana na Mirambo ana kwa ana. Alitarajia jambazi. Akamkuta mtu mpole, msikivu, mwenye sauti ya chini na adabu, akavutiwa mpaka wakachanjiana, wakawa ndugu wa damu. Na kwenye kalamu yake yule jambazi wa 1872 akapanda cheo, akawa wa kulinganishwa na Bonaparte. Mirambo alikuwa yule yule, na njia ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni mkeka aliokalia mwandishi. Baadaye Mirambo akamkaribisha Urambo Dk. Southon wa London Missionary Society, aliyekaa kwake tangu 1879 mpaka kifo chake 1882, akawa daktari na mwandishi wake wa barua kwa balozi wa Uingereza Unguja. Waingereza wakampenda. Mwaka 1880 Waingereza wawili, Carter na Cadenhead, wakauawa katika shambulio lililofanywa na watu wake, na Mirambo akarudi kuwa mwovu. Jambazi, Bonaparte, rafiki, muuaji, ndani ya miaka kumi.

Anayetaka kusoma habari za wakati ule bila kupitia kalamu ya Mzungu ana bahati, maana kitabu kipo na kiko kwa Kiswahili: maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, Tippu Tip, kwa maneno yake mwenyewe. Baba yake aliishi Tabora na alimwoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira. Ukisoma anavyowaeleza Wanyamwezi, Waarabu wa Tabora na baadaye maelewano yake na Mirambo, utaona kwamba hata "Waarabu" hawakuwa upande mmoja. Walikuwa na madeni, ndoa, chuki za zamani, na hesabu za pembe. Tippu Tip anaongopa pia, anajipamba kama kila mzee anayesimulia ujana wake. Lakini anaongopa kutoka ndani ya nyumba, na hilo lina faida yake kwa msomaji.

Mwezi Novemba 2025, mji wa New York, ule uliomtuma Stanley, ulimchagua meya aliyezaliwa Kampala, Zohran Mamdani, ambaye baba yake aliwahi kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Vijiwe vililipuka. Wapo walioshangilia kama vile ameshinda mtu wa Isevya. Mimi nilifurahi pia, kwa nini nisifurahi? Ila ukimuuliza mshangiliaji meya wa New York ana mamlaka gani juu ya visa, dawa, au ushuru wa tumbaku ya Urambo, jibu ni hana. Penye mamlaka ni kwingine, na matokeo yake ukiyataka kwa macho yako usibaki kijiweni. Fuata njia ya zamani kuelekea magharibi, mpaka mkoa wa Kigoma.

Pale Kasulu, bara kidogo kutoka Ujiji, ipo kambi ya Nyarugusu. Tangu 1996 imewapokea Wakongo waliovuka Ziwa Tanganyika wakikimbia vita, na baadaye Warundi. Maelfu ya Wakongo wa Nyarugusu wamehamishiwa Marekani kwa mpango wa wakimbizi, baada ya miaka ya usaili, vipimo vya afya, alama za vidole na usaili tena. Tarehe 20 Januari 2025, siku aliyoapishwa, Trump alitia saini amri ya kuusimamisha mpango huo, na safari zilizokuwa zimeshapangwa zikafutwa. Mtu aliyekwisha kugawa sufuria zake kwa jirani kwa sababu anaondoka haoni siasa za Marekani kama ligi. Hana timu. Ana faili.

Na ile Wilyankuru ya Stanley, pale Saud bin Said alipoviziwa kwenye majani, ndiyo Ulyankulu ya leo, mkoa huu huu wa Tabora. Ni mojawapo ya makazi matatu walikopelekwa Warundi waliokimbia mauaji ya 1972, pamoja na Katumba na Mishamo. Walilima, wakazaa, wakazika. Serikali ya Tanzania iliamua kuwapa uraia, ikasema kwanza wahamishwe wasambazwe mikoa mingine, mambo yakakwama miaka kadhaa, wabunge wakabishana, majirani wakabishana, wakuu wa mikoa iliyotakiwa kuwapokea wakasita. Mwaka 2014 watu wapatao 162,000 wakaanza kupewa vyeti vyao vya uraia, na wakaruhusiwa kubaki walipo. Kwenye ubishi ule kila aliyepinga na kila aliyeunga mkono aliijua ofisi ya kwenda, na mwaka uliofuata wale raia wapya walipanga mstari Ulyankulu kupiga kura.